Saa Haikuwa Mbovu: Wasifu wa Fundi Saa

Waombolezaji, wasifu huu umetungwa na dada mkubwa wa marehemu, na unasomwa na kifungua mimba wa marehemu. Ameagizwa na shangazi yake asiruke mstari hata mmoja, ukiwamo ule unaomhusu yeye mwenyewe. Akikohoa atangojwa amalize, kisha ataendelea.

Marehemu, aliyejulikana mjini kote kwa jina la Fundi Saa, alizaliwa Jumanne tarehe 13 Machi 1951, katika nyumba ya mabati iliyo nyuma ya stesheni ya treni. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mpiga filimbi wa stesheni hiyo na mkewe, mshona mashuka. Dada yake, aliyekuwa na miaka saba na macho makali, anashuhudia kwamba mtoto alichungulia duniani, akasikia treni ya asubuhi imechelewa, akarudi ndani kusubiri. Mkunga naye angeshuhudia hivyo hivyo, ila ameshatangulia.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1959 hadi 1966. Huko aliifungua redio ya mwalimu mkuu ili amwone anayesoma habari. Hakumwona mtu, akachapwa, lakini kuanzia siku hiyo kidole chake hakikutulia mbele ya parafujo. Alipomaliza shule alikabidhiwa kwa mjomba wake, fundi redio, akakaa naye miaka mingi akijifunza kulehemu.

Mwaka 1981, deki za video zilipoanza kuingia majumbani, marehemu alifungua kibanda chake nyuma ya soko. Alisafisha vichwa vya kusomea kanda, akabadili mikanda ya mpira, akatoa vijiko, biskuti na jino la bandia ambavyo watoto walikuwa wamezilisha mashine. Nyumba nyingi, saa ya deki ilikuwa ikipepesa sufuri mchana kutwa, kwa kuwa umeme ukikatika saa inapotea, na hakuna aliyejua kuirudisha. Yeye hakuweza kuvumilia sufuri. Aliitwa kutoa kanda iliyonasa, akaondoka ameweka na saa. Hapo ndipo alipopata jina.

Hata mke alimpata kwa njia hiyo hiyo ya ukaidi. Wazee walipompeleka kuposa, aliinuka katikati ya mazungumzo bila kuomba radhi, akapiga magoti mbele ya deki ya mwenye nyumba. Wazee wake walitamani ardhi iwameze. Akaiweka saa kwa hesabu ya kwetu, ili saa mbili ya usiku isome mbili, siyo nane kama ilivyopangwa kiwandani. Baba mkwe aliikazia macho, akasema, "Huyu, hata binti asipomtaka, mimi namtaka." Binti alimtaka. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Julai 1984, wakajaliwa mtoto wa kiume, ambaye ni dereva wa lori, na wa kike, ambaye anauza katika duka la dawa.

Mpaka hapa palikuwa pazuri. Sasa msomaji apaze sauti.

Katikati ya mwaka 2008, marehemu alianza kulalamika kwamba saa ya deki ya sebuleni inafifia. Jambo hilo lipo. Kioo cha saa ya deki huchoka, tarakimu zake za kijani zikapauka mwaka hadi mwaka. Akaifungua, akabadili kapasita, akasafisha. Akasema bado. Akaongeza umeme unaokiwasha kioo. Bado. Akaongeza tena. Sebule ikawa kijani ukutani, kijani darini, kijani kwenye meno ya wageni. Jirani aliacha kuwasha taa yake, akawa anachambua mchele dirishani kwa mwanga wa deki ile. Kuku wake walitaga mara mbili kwa siku wakidhani kumekucha tena, na anayebisha akawaulize kuku.

Kifungua mimba akasema, "Baba, hii ni saa au taa ya lori?"

"Mimi siioni," marehemu akajibu.

Watu walicheka. Mzee anasema haioni saa inayomulika mpaka uani, na watu wazima, wenye akili zao, walishika mbavu. Katika miezi hiyo hiyo alikuwa akimaliza jagi la maji na kuomba jingine, akienda haja kila mara, suruali zikimvuka kiunoni. Wakamsifu kwamba amepungua vizuri. Binti yake, ambaye kutwa nzima huwatoboa vidole watu asiowajua ili kuwapima sukari, kipimo akakiacha kwenye droo ya dukani, akarudi nyumbani na utepe mweusi. Akaubandika juu ya saa. Marehemu alipapasa, akaukuta utepe kwa kidole, akauliza ni nani amemzimia saa. Akaubandua. Ukarudishwa.

Mjane asiguswe na lawama hizi. Yeye peke yake alimwambia aende hospitali, naye akajibu kwamba ataenda akishamaliza saa. Kwa jibu hilo dada yake amemkasirikia hata yeye marehemu, na jeneza halijapunguza kitu.

Mwezi wa pili mwaka huu wa 2010, dada yake alikuja kumtembelea. Alipoingia sebuleni alidhani nyumba inaungua. Utepe ulikuwa umebanduliwa, na ndugu yake yuko sakafuni mbele ya mwanga ule, pua imegusa kioo, akilehemu kwa kupapasa. "Dada, imekufa kabisa," akasema. Kisha akauliza ni nani anachoma nyama. Chuma cha kulehemu kilikuwa kimeangukia mguu wake, kinaunguza, na hana habari.

Hospitalini waliambiwa ni sukari, ya siku nyingi, imekula macho na imekula hisia za miguu. Kidonda kiliharibika. Mguu ukakatwa. Aliyemlisha kwa mkono ni mkewe, na siku moja, katikati ya kijiko, marehemu alimgeukia dada yake akasema, "Yaani fundi mzima nilikuwa natengeneza kitu kizima." Alifariki Jumatatu tarehe 19 Aprili 2010, asubuhi.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na dada mmoja mwenye hasira. Ameacha pia deki, ambayo kuna waliotaka kuipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Haiendi popote. Utepe umekwanguliwa kwa kisu, saa inawaka sebuleni, na anayeona inamuumiza macho amshukuru Mungu kwamba anayo.

Binti wa marehemu amekileta kipimo cha sukari, na hakuambiwa mara mbili. Tukitoka makaburini ataketi karibu na deki. Hakuna atakayegusa sahani kabla hajatoa kidole, na wa kwanza ni huyu anayesoma.

Fundi Saa apumzike kwa amani. Walio hai wapange foleni.