Siku Nne Nilizosubiri Shikamoo

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na wanaoimba, na asifiwe na sisi tunaosimama kwa kushikilia benchi la mbele.

Wengi mnanijua kwa jina la Mzee Karani, wa Kwamndolwa. Nilimaliza kidato cha nne wakati ambao kidato cha nne kilikuwa kitu kikubwa, nikateremka kutoka milimani Usambara kuja kufanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Mazinde. Kazi yangu ilikuwa kuita majina asubuhi. Nasimama na daftari, wakataji wanapita mmoja mmoja, "shikamoo karani", nami naitikia "marahaba" bila kuinua macho. Wengine walikuwa wakubwa kuliko mimi. Sikumbuki hata siku moja niliyoanza mimi kumsalimu mtu.

Tabia hiyo niliingia nayo nyumbani. Mtu akinikosea simpigi wala simtukani. Namnyamazia. Marehemu mke wangu niliwahi kumnyamazia tangu tulipopanda mahindi hadi tulipovuna. Alikuwa akiweka chakula mezani anasema "karibu", mimi nakula, nainuka. Binti yetu wa pekee, Martha, alipoolewa na mtu nisiyemtaka, niliacha kupokea simu zake. Alikuja kumzika mama yake, akaniamkia mbele ya watu, nikaitikia kwa sababu ya hao watu. Kisha akarudi Mwanza kwa mumewe. Nilisema moyoni, yeye ndiye mtoto, aanze yeye. Miaka ikapita.

Nilibaki na redio na kikombe kimoja. Vikombe vingine nilivifungia kabatini kwa sababu vilikuwa vinashika vumbi.

Ndipo akaja Agnesi, binti wa Martha, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili. Hakutumwa na mtu. Alitaka kujifunza ususi Handeni, akasema atakuwa analala huko siku tatu za wiki kwa rafiki yake, siku zilizobaki akae kwangu, maana hawezi kuvumilia kusikia babu yake anakula peke yake. Kila asubuhi alisimama mlangoni pa chumba changu kabla sijaamka.

"Shikamoo babu. Bado upo?"

"Marahaba. Nipo."

"Basi chai ipo."

Ndugu zangu, mtu anayeishi na wenzake hajui maneno hayo yana uzito gani. Mimi nilikuwa naamka mapema ili niyasubiri.

Jumapili moja baada ya ibada alikaa karibu yangu akaniambia anataka kutoboa ulimi, aweke kipini.

"Puani hakukutosha?" nikamuuliza.

"Ni urembo tu, babu. Ila nimeulizia, si kitu cha kufanyia popote. Kuna mama hapa Korogwe mjini alisomea uuguzi, anatumia sindano mpya. Naogopa kwenda peke yangu. Twende wote, unishike mkono."

Sikieni vizuri. Mtoto aliomba nimshike mkono. Nami nikamjibu, "Ukishautoboa huo ulimi, usiniamkie nao."

Alicheka kidogo akidhani natania. Kisha akaniangalia usoni, akaona sitanii.

Wiki ile akaenda Handeni kama kawaida. Huko gulioni kulikuwa na kijana anayetoboa masikio, amekaa katikati ya bangili na miwani ya jua. Alimtoboa Agnesi ulimi kwa sindano aliyotoka kumtobolea mtu mwingine, akaipangusa tu kwa pamba yenye spiriti, akamwekea kipini kifupi cha sikioni. Haya yote niliyajua baadaye. Mimi nililoliona ni hili: Alhamisi mchana nilikuwa barazani napukuchua mahindi, Agnesi akaingia uani ameshikilia ncha ya khanga mdomoni, akainamisha kichwa kidogo, akanipita. Hakuniamkia.

Nikasema, vizuri. Tutaona nani atachoka.

Ijumaa asubuhi nililala macho wazi nikisubiri. Nilisikia hatua zake zikija hadi mlangoni kwangu. Zikasimama. Zilisimama muda mrefu. Kisha zikaondoka, na nilipotoka nilikuta chai mezani, yeye hayupo. Jumamosi nilimwona anapitisha mkono juu ya ugali na mlenda bila kugusa, anakwenda kunywa uji uliopoa. Nikaona ananidharau hadi chakula. Nikaongeza sauti ya redio. Jumapili nilikuja hapa peke yangu, mkaniuliza Agnesi yuko wapi. Nikawaambia yupo nyumbani, kashikwa na kiburi. Mkamwombea. Mliinamisha vichwa mkaomba mtoto huyu avunjwe kiburi, na yeye alikuwa nyumbani anashindwa kumeza mate.

Jumatatu kabla ya mchana alikuja jirani yangu Mama Saidi kurudisha ungo. Mama Saidi ni Mzigua wa hapahapa, na hajui kuzungumza polepole.

"Shikamoo Mzee Karani. Agnesi vipi, mbona simsikii kucheka?"

"Marahaba. Muulize mwenyewe. Mimi hajaniamkia, leo asubuhi ya nne."

Alinitazama, akazunguka nyuma ya nyumba. Nikasikia sauti yake. "Mzee! Wacha marahaba yako, njoo huku uone!"

Agnesi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ameinamia beseni, mate yanamtoka kama mtoto anayeota meno, yamechanganyika na usaha. Shingo imevimba chini ya taya. Ulimi ulikuwa haumtoshi mdomoni, na kile kipini kilikuwa kimezama ndani ya nyama, hata goroli yake haionekani. Pumzi ilikuwa inapita kwa mlio. Nikanyoosha mkono nikitoe kile chuma. Mama Saidi akanipiga mkononi.

"Mikono ya vumbi la mahindi unaipeleka wapi? Ita bodaboda!"

Agnesi alipanda bodaboda moja na Mama Saidi nyuma yake amemshikilia, mimi nikafuata na nyingine. Njia nzima nilikuwa naangalia kisogo cha yule mtoto, kinavyoanguka mbele na kuinuka. Niliwaza kwamba nyumbani mezani vikombe sasa vilikuwa viwili, changu na chake.

Hospitali walimpokea mbiombio, wakamwekea dripu na dawa ya sindano, wakakitoa kile kipini kwa vyombo vyao. Daktari alikuwa binti mdogo. Alipotoka aliniuliza, "Mzee, mmekaa nyumba moja siku nne, hukumwangalia mdomoni?"

Nikajibu, na hadi leo naona aibu, "Hakuniamkia."

"Angekuamkia kwa kitu gani, mzee? Kwa mikono?"

Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu aliyechoka. Akaniambia kwamba uvimbe ungeongezeka kidogo tu, hewa ingekosa njia ya kupita, na usiku wa siku hiyo nisingekuwa na mtu wa kumsubiri.

Waliponiruhusu kuingia, Agnesi aliomba kalamu kwa ishara. Akaandika nyuma ya karatasi ya dawa: "Babu ulisema nisikuamkie nao. Lakini kila asubuhi nilijaribu. Shikamoo haikutoka."

Zile hatua mlangoni, ndugu zangu. Alikuwa amesimama pale anajaribu kusema shikamoo, na mimi nimelala ndani nimekaza shingo. Na maneno yale niliyomwambia nilikuwa nimeshayasahau. Yeye aliyashika.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la korido kati ya watu nisiowajua. Sikuomba kwa maneno mazuri kama mnavyoomba hapa. Nilisema, Bwana, ukiniachia huyu, nitaanza mimi. Basi. Wala sikulia. Nilikaa tu, nikiona jinsi nilivyomfukuza kila mtu bila kumwambia toka, na kila aliyeondoka nilimwita mwenye kiburi.

Kesho yake uvimbe ulikuwa umeanza kupungua. Niliingia wodini, nikasimama penye kitanda chake, na kwa mara ya kwanza katika uzee wangu nikatangulia. "Agnesi mjukuu wangu, umeamkaje?" Akainua kidole gumba. Machozi yalimtoka, na mimi yakanitoka. Bwana alinifungua kinywa siku ile. Wengine wanatolewa mapepo. Mimi nilitolewa ukimya.

Ushuhuda wangu ungeweza kuishia hapo, na wazee wenzangu wangefurahi. Lakini nimeahidi kusema yote. Ulimi wake ulipona, tundu likaziba. Baada ya miezi kadhaa akaniambia bado anakitaka kile kipini. Moyo wangu ulirudi kule kwenye daftari la majina. Nilinyamaza kama dakika moja hivi, naye akawa anahesabu kwa vidole kunichokoza, "Babu, umeanza. Siku ya kwanza hiyo." Nikacheka. Nikavaa koti, tukaenda wote.

Yule mama wa Korogwe mjini alimuuliza kwanza kama ana mimba, kama ana ugonjwa wa damu au anatumia dawa yoyote. Alinawa kwa sabuni, akavaa glavu mpya, akafungua sindano mbele yetu kutoka kwenye pakiti yake. Nilimuuliza kwa nini hatumii ile bastola ya kutobolea masikio. Akasema ile si ya ulimi, wala haisafishiki ikasafika. Alimulika chini ya ulimi kwa tochi aone mishipa ya damu ilipopita. Kipini kilikuwa cha chuma kisichoshika kutu, na kirefu, maana alisema siku za mwanzo ulimi lazima uvimbe, na kifupi ndicho kinachomezwa na nyama. Agnesi alinishika mkono. Aliubana hadi pete yangu ikaniumiza. Ilikuwa imekwisha kabla sijamaliza kufumba macho.

Nyumbani kazi ya chumvi ilikuwa yangu. Nilichemsha maji, nikayaacha yapoe, nikatia chumvi kidogo tu, maana ikizidi inachubua. Alisukutua kila baada ya kula na kabla ya kulala. Mswaki mpya, laini. Uji uliopoa, ndizi zilizopondwa, maji ya baridi. Pilipili nilimfichia. Sigara na pombe hatumii, na angetumia angeviacha. Hakukichezea kile kipini kwa meno, wala hakukigusa bila kunawa mikono. Wiki mbili baadaye tulirudi kwa yule mama akambadilishia kifupi zaidi ili kisimgonge meno. Na mimi kila asubuhi nilimwambia, "Fungua mdomo babu aone." Nilijua cha kutafuta: usaha, homa, uvimbe unaozidi badala ya kupungua, kushindwa kumeza. Ukiona hivyo usikitoe mwenyewe, tundu likaziba na uchafu ndani. Kimbia hospitali. Hatukuona hata dalili moja.

Sikusimama hapa kuwatuma vijana wakatoboe ndimi. Siupendi ule urembo, na Agnesi anajua. Nimesimama kwa sababu watatoboa, na atakayekuja kukuomba umshike mkono, mshike. Ukikataa ataenda gulioni.

Agnesi sasa anafanya kazi saluni Handeni, amepanga chumba huko. Nyumba yangu imerudi kuwa kimya, sitawadanganya. Redio ipo, na vikombe viwili nimeviacha mezani, kimoja kinashika vumbi, nakisuuza. Lakini kila asubuhi nachukua simu mimi.

"Agnesi, umeamkaje? Bado upo?"

"Babu, unanionea, nilitaka kukuamkia kwanza. Shikamoo."

"Marahaba. Chai ipo?"

"Ipo, babu."

Nakunywa yangu, naye anakunywa yake.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Saidi ambaye si wa kanisa hili wala lingine lolote, na Mungu alimtuma na ungo. Na kama yupo hapa aliyekaa kimya anasubiri mtu fulani aanze, ndugu yangu, mtegemee Bwana, atakupa la kusema hata kama kinywa ni kizito. Mimi mwenyewe bado nina deni moja. Agnesi amenipa namba ya mama yake. Ninayo hapa mfukoni, kwenye ileile karatasi ya dawa. Miaka hii yote nimesubiri Martha aniamkie. Tukishafunga ibada, kabla sijafika hata barabarani, nitasimama pale nje penye kivuli cha ukuta, nitampigia. Akipokea, sitasubiri. Nitamuuliza ameamkaje.

Naomba mniombee apokee.