Chumba cha Hadubini Hakifungwi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, madaktari na walimu wenzangu, ndugu wageni waalikwa, wanafunzi wangu, nawe mdogo wangu uliyejibanza safu ya nyuma ukidhani sijakuona: hamjambo?

Mmekuja kuniaga. Mniwie radhi, mimi leo siagiki.

Maisha yangu yote ya kazi nimechungulia miisho ya neva katika utumbo wa mamalia: mbuzi, paka, ng'ombe, binadamu. Ni nyuzi nyembamba kupita kiasi, zinazopenya katikati ya misuli na kuuambia utumbo lini ujikaze na lini ulegee. Wengine humu mliniita Mama Utumbo, na wala sikununa. Nilipoomba kwa mara ya kwanza chumba cha hadubini, mkuu wa idara wa enzi hizo, Mungu amrehemu, aliniambia, "Binti, huo ni utumbo mtupu." Nikamjibu, "Ndiyo, Profesa. Ndiyo maana nataka kuuchunguza." Akacheka, chumba nikapata.

Sasa niwaulize: chumba kile kilimfaa nani?

Mdogo wangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, binti, tumbo la yule mtoto lilivimba mpaka ngozi ikang'aa. Choo hapati, maziwa anatapika. Wauguzi wakasema mama hajui kunyonyesha. Mama mkwe akasema maziwa yenyewe ni mabaya, na mdogo wangu, maskini, akaamini. Daktari wa upasuaji alikata kipande kidogo cha utumbo wa chini, kikaenda kupimwa, jibu likarudi kwamba hakuna tatizo.

Nikakiomba kile kipande. Nikakitia rangi kwa mikono yangu mwenyewe, nikakaa kwenye hadubini. Kwa kila mnyama niliyewahi kumchunguza, kati ya tabaka za misuli pana vishada vya seli za neva. Hizo ndizo zinazouendesha utumbo. Kwa mtoto yule niliona nyuzi nene zilizoingia kutoka nje, zimejikunja hazina pa kwenda. Seli sikuona hata moja. Nilipekua kipande chote mpaka shingo ikakakamaa. Utumbo ule haukuwa na wa kuuambia ulegee!

Nikamfuata daktari ofisini kwake, nimebeba hadubini na kile kipande.

"Dada, wewe ni mtu wa mbuzi na paka," akaniambia. "Unataka nimpasue mtoto kwa sababu ya mbuzi?"

"Nataka uangalie tu. Ukiona seli moja, nitakuomba radhi mbele ya wauguzi wako wote."

Akaangalia. Akasogeza kioo, akaangalia tena. Aliponyanyua kichwa, alimwita muuguzi. "Andaeni chumba cha upasuaji."

Wakaiondoa sehemu isiyo na seli, wakaunga iliyo nzima. Binti yule leo anafundisha watu kuogelea, na kuhusu kula, muulizeni mama yake anayempikia.

Mdogo wangu, inua uso. Maziwa yako hayakuwa na kosa lolote. Nilikwambia siku ile tukiwa wawili wodini, nawe hukunisikia kwa kilio. Leo nalisema mbele ya watu.

Nawe, Mheshimiwa Mwenyekiti, Baraza lako limeamua kwamba nikiondoka, chumba kile kigeuzwe ukumbi wa mikutano, na wanafunzi wajifunze kwa picha za kwenye skrini. Picha si mbaya, nyingine nimezichora mwenyewe. Lakini kwenye picha kila utumbo una seli zake zote! Mwanafunzi aliyeona picha peke yake atajuaje kutafuta, atafute na akose, kisha awe na ujasiri wa kusema, "Hazipo"? Tungemwamini mchoraji, mtoto yule tungemzika.

Mheshimiwa Mkuu, jana uliniomba kwa upole, "Mama, tafadhali usituaibishe mbele ya wageni." Nilikusikia vizuri, na jibu lako ndilo hili. Siombi cheo, siombi kiti cha heshima, na zawadi ile iliyofungwa kwenye karatasi ya kung'aa mnaweza kuirudisha dukani. Jumatatu asubuhi kuna somo. Nitafundisha mimi, Mama Utumbo, mstaafu, na wanafunzi wa mwaka wa pili wameshagombania viti. Mkitaka kukifunga chumba kile, kifungeni sisi tukiwa ndani.

Kwa kunivumilia na kunitegea masikio, asanteni nyote.