Ngumi za Riungu

Mtaa wa Majimbo, Embu, mwaka wa tisini na nne. Nje ya kibanda cha Njura, fundi viatu, palikuwa na benchi ambalo halikukosa watu. Wilaya nzima inalima kahawa, lakini hapo ilinywewa chai tu, na kazi kubwa ilikuwa kubishana. Asubuhi hiyo kesi ilikuwa ya Riungu, bondia mstaafu, ambaye siku hizo alikuwa akigombana na kuta na kulia bila sababu. Jioni iliyotangulia alipopita, Njura aligonga rimu kuukuu ya gari kwa nyundo ili kumchokoza, kama kawaida yao, Riungu akadhani ni kengele ya raundi, akakunja ngumi. Walicheka mpaka chai ikamwagika.

Daktari, ambaye hasa ni bawabu wa zahanati, ndiye aliyeanza.

– Kila ngumi aliyopigwa iliingia na haikutoka. Sasa zinatoka moja moja. Ndio maana anapiga ukuta.

– Wapi! alisema Diwani, aliyeshindwa uchaguzi wa juzi. Huyo alistaafishwa bila hata asante. Mtu akinyimwa heshima, akili inahama.

– Basi wewe ungekuwa hospitali ya vichaa, Mathari, kitambo! alisema Daktari.

– Mimi nilishindwa kwa kura, bana, si kwa ngumi.

– Nisikize, alisema Daktari. Alipigwa kama elfu tatu. Kwa hesabu yangu, kufikia Krismasi ya mwaka elfu mbili zitakuwa zimeisha, atapona kabisa.

– Na zile alizowapiga wengine?

– Hizo zilibaki Uganda, kwa mabondia aliowapiga huko.

Njura hakucheka.

– Lakini jana alikuwa analia, alisema. Amekunja ngumi na analia.

– Hiyo ni vumbi, alisema Daktari.

Ndipo Ntinyari, binti ya Riungu, akatokea, viatu vimelowa umande.

– Hamjambo, wazee. Baba hakulala nyumbani. Nimeambiwa jana alisimama hapa. Aliwaambia anaenda wapi?

Diwani alimtazama Daktari. Daktari akatazama kikombe chake. Njura alikumbuka midomo ya Riungu ikisema kitu, mara mbili, macho yakimtazama yeye.

– Alisema kitu, mama. Hatukusikia. Tulikuwa tunacheka.

Ntinyari aligeukia barabara.

– Sawa. Alielekea upande gani?

Hata hilo hakuna aliyekuwa ameangalia.