Mtu Aliyepima Uzito wa Hewa: Maisha ya Baba Yetu, 1948–2025

Baba yetu alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Machi 1948, katika chumba cha uani nyuma ya kinu cha kusaga nafaka, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi baiskeli na mkewe. Wazee walisimulia kwamba alipotoka tumboni mlango ulijibamiza mara mbili bila mtu kuugusa, na mkunga akatoka nje kutafuta wa kumgombeza. Wazee hawakosi kutia chumvi, na marehemu hakuipenda hadithi hiyo. "Ndani moto uliwaka," alikuwa akisema, "hewa ya moto ikapanda, ya nje ikaja kujaza nafasi. Mkunga angefunga komeo tu, yakaisha."

Alikua karakanani kwa baba yake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuziba mpira kwa kidole gumba baba yake akijaza upepo. Hapo ndipo alipojua, kabla ya kujua kusoma, kwamba hewa iliyobanwa haitulii: ikipata tundu hutoka, na kadiri ilivyobanwa ndivyo inavyotoka kwa hasira.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1956 hadi 1963, na sekondari 1964 hadi 1967. Hisabati aliiweza, kuimba walimsamehe. Akiwa kidato cha pili, mwalimu wa sayansi alichemsha maji kidogo ndani ya debe mpaka mvuke ukafukuza hewa yote, akalifunga kwa kifuniko, akalimwagia maji baridi. Debe lilijikunja lote mbele ya macho yao. Darasa zima lilikimbilia mlangoni. Yeye alibaki kwenye dawati.

"Mwalimu, nani kaliponda?"

"Hewa."

"Hii tunayovuta?"

"Hiyo hiyo. Na wewe umeibeba kichwani tangu uzaliwe."

Wenzake walicheka wiki nzima, maana kwa siku kadhaa alitembea ameinamisha shingo kama mtu aliyejitwisha gunia. Lakini alituambia kwamba hakuwa akifanya mzaha. Aliogopa, na hofu hiyo haikumtoka kabisa maishani.

Tarehe 1 Julai 1969 aliajiriwa kuwa mpimaji msaidizi katika kituo cha hali ya hewa pembeni ya kiwanja kidogo cha ndege. Kilikuwa chumba kimoja chenye meza, simu na barometa ukutani. Nje kulikuwa na kisanduku cheupe cha vipimajoto na mshale wa upepo juu ya mlingoti. Kila baada ya saa tatu alisoma mgandamizo wa hewa, akauandika daftarini, akaupeleka makao makuu kwa simu. Alifanya hivyo miaka thelathini na nne. Tuliomuuliza upepo ni nini, alitujibu vilevile kila mara: "Jua halipashi joto kila mahali sawasawa. Penye joto hewa hupanda na mgandamizo hupungua. Penye baridi hewa hushuka, ikabanwa. Basi iliyobanwa huhamia penye nafasi, na kuhama kwake ndiyo upepo. Tofauti ikiwa ndogo, nguo zinakauka. Ikiwa kubwa, shika watoto." Akiongeza neno, lilikuwa la mvua: hewa inayopanda hubeba unyevu, nao ukifika juu kwenye baridi hugeuka mawingu. Kwa hiyo kipimo kinaposhuka, mtu mwenye akili hutafuta pa kujikinga.

Mwaka 1974, tarehe 12 Oktoba, alimwoa mama yetu, mfuaji wa hospitali. Walijuana kwa sababu ya mashuka. Alimwambia aanike, hakuna mvua. Mama akaanika mashuka arobaini na mawili, na yote yakalowa. Alikwenda kituoni kumpa vidonge vyake vya maneno, akamkuta amesimama mlangoni na sabuni mkononi, tayari kufua. Mama amesema mara nyingi, "Hewa yake ilikuwa inaongopa, lakini yeye alikuwa hajui kuongopa." Leo, kwa matakwa ya marehemu mwenyewe, tunalazimika kusema kwamba kuna siku moja alijua.

Kwanza ieleweke siku nyingine iliyoitangulia kwa miaka. Mwezi Mei 1979 alipima mgandamizo ukianguka, akaenda shuleni, akasimamisha mashindano ya michezo. Wazazi walikuwa wamefika, watoto wamevaa namba vifuani. Dhoruba ilipita ng'ambo ya vilima, na hapa jua liliwaka mpaka jioni. Tangu siku hiyo aliitwa Bwana Kimbunga. Muuza mkaa alimkejeli: "Bwana Kimbunga, leo nivae viatu au nijifunge kamba kwenye mti?" Alicheka pamoja nao. Nyumbani hakucheka.

Sasa ile siku. Hewa ya kwetu ina desturi yake. Mgandamizo wake hupanda hadi saa nne asubuhi, kisha hushuka pole pole, milibari tatu hivi kwenye barometa, mpaka saa kumi alasiri, halafu hupanda tena. Kila mpimaji anaujua mshuko huo na hatishiki nao. Jumatano, tarehe 17 Novemba 1993, kufikia saa tisa alasiri, mgandamizo ulikuwa umeshuka milibari saba. Nje hapakuwa na upepo wowote. Mshale ulikuwa umeganda, na mbwa wa mlinzi alikataa kutoka chini ya meza.

Mdogo wake, fundi seremala, siku hiyo alikuwa akipiga mabati juu ya banda jipya la kiwanda cha nguo. Alipiga simu kituoni kutoka ofisi ya msimamizi.

"Kaka, mbingu siielewi. Nipande au nisipande?"

Marehemu alitazama barometa. Alisimulia kwamba saba aliiona vizuri. Pia alikisikia kicheko cha msimamizi nyuma ya simu: "Muulize Bwana Kimbunga!"

"Panda tu," akamjibu. "Ni mshuko wa kila siku."

Na daftarini, kwenye safu ya maelezo, akaandika: mshuko wa kawaida.

Upepo ulifika saa kumi kasorobo. Ulichukua mabati yote, na fundi pamoja nayo.

Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua. Makao makuu nao walidhani mpimaji amekosea tarakimu. Aliendelea na kazi, akasomesha watoto wa mdogo wake pamoja nasi, na alipostaafu tarehe 30 Juni 2003 akapewa barometa ya zamani ya kituo, akaitundika sebuleni. Aliisoma kila baada ya saa tatu. Sisi watoto tulidhani ni mazoea ya kazi, tukamtania. Mungu atusamehe.

Mwezi Februari 2024 moyo wake ulianza kudhoofika; miguu ilivimba na pumzi ikawa fupi. Alilazwa mara tatu. Mwezi uliopita alimwita binti yake mkubwa, anayesoma wasifu huu, akamsimulia hayo yote, akamwagiza yaandikwe na yasomwe mbele ya watu. "Nilichekwa siku moja, nikanyamaza siku nyingine," alisema. "Waambie tofauti yake ni uhai wa mtu."

Familia iligawanyika. Kaka yetu alisema aibu ya mzee hufunikwa na udongo. Ikabidi juzi aulizwe shemeji wa marehemu, mjane wa yule fundi. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akasema: "Nilijua. Mume wangu alimtuma mwenzake aje kuchukua nyundo ndogo nyumbani, naye ndiye aliyeniambia, 'Kaka yake kasema wapande.' Miaka thelathini na miwili nimemsubiri shemeji aniambie kwa mdomo wake. Someni. Angalau afike huko hana mzigo." Alipomaliza alikwenda jikoni kuosha vikombe, na hakutaka kusaidiwa.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa saba mchana, kitandani mwake. Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba, dada mmoja, shemeji yake tuliyemtaja, na watoto watatu wa mdogo wake waliomwita baba.

Maneno yafuatayo hayamo katika kijitabu mlicho nacho mkononi. Yameandikwa kwa kalamu leo Ijumaa, saa nne na robo asubuhi. Tangu Jumanne binti yake amekuwa akisoma ile barometa ya sebuleni. Jana ilishuka mbili. Leo tangu alfajiri imeshuka tano, na hizi ni saa ambazo mgandamizo hupanda. Hakuna desturi ya kusingizia. Mmeona wenyewe kwamba majani hayatikisiki. Kituo kimepigiwa simu, wakasema wanaangalia. Kaka yetu aliuliza, "Na kisipotokea kitu, watu watasema nini?" Mama akamjibu, "Watacheka. Acha wacheke, wakiwa hai."

Kwa hiyo maziko hayatakuwa saa nane. Tunazika sasa hivi. Salamu za makundi zimefutwa, na wenye nyimbo watusamehe. Udongo ukishakamilika, msirudi hapa na msianze safari. Ingieni katika jengo la matofali la shule, mbali na madirisha, watoto katikati. Shemeji wa marehemu atatangulia kuonyesha njia. Baba, lala kwa amani, tumesema. Wabeba jeneza, inukeni.