Mwalimu Eunice na Vineno Vinne vya Kireno

Tarehe 30 Juni 2025 Mwalimu Eunice Nyamhanga anastaafu, baada ya kukitumikia chuo chetu cha waongoza watalii hapa Manyamanyama, Bunda, kwa miaka ishirini na saba.

Aliajiriwa mwaka 1998 kama mpiga chapa. Kireno alikuja nacho kutoka Nampula, Msumbiji, alikokaa miaka mitatu akimsaidia kaka yake kuuza dagaa. Hakuna aliyemuuliza habari za lugha hiyo mpaka mwaka 2009, kampuni moja ilipotuomba vijana wa kuwaongoza wageni wa Brazili. Mkuu wa chuo akauliza kikaoni nani anajua Kireno. Eunice, aliyekuwa akiandika muhtasari, akainua kalamu. Jumatatu yake alikuwa darasani.

Alianza na vineno vinne: um, uma, o, a. Sisi tukishasema "nyati" tumemaliza. Mreno hajamaliza. Nyati ambaye msikilizaji bado hamjui ni um búfalo. Yule ambaye nyote mnamjua ni o búfalo. Maneno ambayo Kireno huyahesabu kuwa ya kike, kama girafa, yaani twiga, huchukua uma na a. Kuandika hapa ni rahisi. Darasani ilikuwa vita.

Mseti Mugeta, mwanafunzi wa miraba minne kutoka Butiama, alisimama kupinga. "Mwalimu, twiga dume kabisa, naye ni a girafa? Huko ni kumdhalilisha!"

"Waandikie barua Lisbon," alijibiwa. "Ukimaliza, niandikie a girafa mara hamsini."

Kantini nako hakukuwa na salama. Mwalimu alimfundisha Dada Gloria, mpishi wetu. Aliyeomba um chá alimiminiwa. Aliyeomba o chá aliulizwa, "Chai ipi hiyo? Uliiachaga wapi?" Wengine walirudi darasani na kiu.

Pamoja na hayo yote, wanafunzi waliendelea kufeli, na mwaka 2014 bodi ikaamua kulifuta somo mwisho wa muhula. Mwalimu Eunice hakubishana. Lakini sisi tuliokaa naye ofisi moja tuliona jinsi alivyoacha kula mchana.

Agosti hiyo Mseti alikuwa mafunzoni kwa vitendo, na wageni sita wa Brazili. Walisimama kula karibu na mto. Ng'ambo alilala nyati mzee kwenye matope. Wageni walikuwa wamempiga picha asubuhi nzima na kumzoea. Ghafla nyati mwingine akatokeza vichakani, hatua thelathini nyuma yao. Mseti akapiga kelele: "Um búfalo!"

Angesema o búfalo, wangegeukia mtoni na kamera zao. Waliposikia um, walijua ni mwingine, na hawakusubiri kuuliza yuko wapi. Wote sita walikuwa ndani ya gari kabla nyati hajafika. Alikanyaga kapu la chakula na kiatu kimoja cha mgeni, akaenda zake.

Barua ya wageni hao ilipofika chuoni, Mwalimu aliisoma akiwa amesimama.

"Wote wazima?" alimuuliza Mseti.

"Wazima, Mwalimu."

"Na kweli ulisema um?"

"Nilisema um. Mimi nilikuwaga naona hivi vineno ni usumbufu tu."

Mwalimu alikaa chini, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Bodi nayo ilisoma barua. Somo halikufutwa, na mpaka leo waongozaji themanini na wanne wamepita mikononi mwake. Wengine bado wanakosea, lakini hakuna anayekosea kwa nyati.

Anayerithi darasa lake ni huyo huyo Mseti. Wiki iliyopita alifundisha kipindi chake cha kwanza, Mwalimu Eunice akiwa amekaa dawati la nyuma. Kijana akachanganya o na a mara mbili ubaoni. Darasa zima likageuka kumtazama mama. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi ya kicheko yakimtoka. Mseti akatazama ubao, akafuta, akasahihisha mwenyewe.

Mwalimu Eunice, asante kwa kila kipindi. Nenda nyumbani Butiama ukapumzike. Tunakuombea afya, shamba lenye mvua, na wajukuu wanaosikia wakiambiwa mara moja.

Boniphace Masatu, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako