Kigoda cha Mkunga

Sikilizeni wanangu, na kabla hamjasikiliza, wekeni hiyo kalamu chini. Iweke, Injinia. Nimekuona ulivyoingia: hukuniuliza nimeamkaje wala nimekunywa nini, umekuja na karatasi mkono mmoja na kalamu mkono wa pili, kama karani wa posta anayewahi kufunga dirisha. Mke wako ndiye aliyenipa maji. Mtoto yuko mgongoni anamlilia, na bado akakumbuka kuyaonja maji kwa kidole yasiwe ya baridi, na kuniinua kichwa kwanza. Kaa hapa karibu nami, mkwe wangu. Ninyi watatu mtasimama. Leo hakuna kukaa mpaka nimalize, maana kukaa ndiko kulikotuaibisha.

Karatasi hiyo naijua. Ni hati ya makabidhiano ya wodi ya wazazi. Kesho saa nne asubuhi mnataka kumpa mwenyekiti wa kamati ya hospitali funguo, kwa jina langu, kwa kuwa kampuni ya ujenzi bado ni yangu na bila sahihi yangu karatasi hiyo ni ya kufungia vitafunwa. Basi nasema mara moja, msije mkatangaza kwamba mzee alikuwa ameanza kuweweseka: sisaini. Siweweseki, nina hasira. Daktari amesema nisikasirike, moyo utachoka. Umeshachoka. Uacheni moyo huu umalize kazi yake ya mwisho.

Wodi ile ina milango tisa. Kitanda cha kujifungulia, pamoja na vishikio vyake vya pembeni, kina upana wa sentimita tisini na tano. Milango mliyoweka ina sentimita themanini. Nani atanieleza? Hapana, Injinia, funga mdomo, wewe umeshaeleza vya kutosha maisha yako yote.

Mnajua nani aliniambia? Si ninyi. Ni mkunga mkuu mwenyewe, yule anayepita hapa kila akimaliza zamu kunigeuza ubavu nisifanye vidonda, na hakuna aliyemwomba. Juzi nilimwuliza, wodi yako imekuwaje? Akasema, "Nzuri mno mzee wangu, inang'aa." Nikaona mikono yake imesita kwenye shuka. Nikamwuliza tena. Akasema, "Vitanda ndiyo haviingii, lakini usijali, akina mama tutawabeba. Wawili kwapani, mmoja miguuni, tunafika tu." Kisha akacheka, ili mimi nisiumie. Mmesikia? Mwanamke ameharibiwa wodi aliyoisubiri miaka sita, na anayebembelezwa ni mimi!

Kubebwa mnakujua ninyi? Mimi nakujua. Siku niliyoanguka, wewe Injinia ulinibeba mgongoni ngazi zote za hospitali, ulikuwa unahema kama mvukuto, ukawa unaniambia "Pole baba, pole baba" kila ngazi. Sijasahau na sitasahau. Lakini nakwambia leo, kila hatua yako ilinipasua mbavu, na mimi sikuwa na mtoto anayetoka mwilini mwangu. Hao wanawake mnataka wabebwe hivyo kwa sababu tu wewe ulishindwa kungoja mpaka mchana.

Nilianza kazi hii ya ujenzi na mwiko mmoja na baiskeli, na sikuwa na shule ya kuwazidi watu. Nilichokuwa nacho ni vigoda vitatu, vile mlivyokuwa mnavifanya magari mkiwa wadogo. Kila hatua ikiisha, iwe msingi, iwe kuta kufika kwenye linta, ile boriti ya juu ya milango, iwe paa, iwe milango, nilisema vyombo chini, na vigoda vinawekwa katikati ya vumbi. Kimoja cha mwenye kazi, anayeitaka na kuigharimia, huyo anaulizwa kama sababu yake ya jana bado ni sababu leo. Kimoja cha atakayeitumia, maana ndiye atakayeishi na upumbavu wetu sisi tukishaondoka. Kimoja cha mjenzi, aseme ukweli wa kinachowezekana. Mpaka wote watatu waseme "endelea", hakuna anayegusa mwiko. Na mtu mmoja hakalii vigoda viwili. Hiyo ndiyo sheria, hakuna nyingine kubwa kuliko hiyo. Mlinicheka nilipolisimamisha lile ghala la nafaka likiwa limefika kwenye madirisha, kwa sababu mwenye kazi alikiri kwamba wakulima aliowajengea walikuwa wamepata ghala lao. Mkasema baba anafukuza kazi. Nendeni mkamwulize yule bwana leo, ananisalimia kwa mikono miwili.

Sasa siku ya milango. Mkunga alitakiwa saa tatu. Saa tatu alikuwa na mama ambaye mtoto wake alikuwa anakuja vibaya, akatuma mtu: nisubirini mpaka mchana. Mchana tu! Na wewe ulifanyaje? Ulikuwa kwenye kigoda cha mjenzi, ambacho ni halali yako. Ukainuka, ukahamisha makalio yako mpaka kwenye kigoda cha mkunga, ukasema, "Milango ni milango, namsemea mimi, endelea," halafu ukarudi ulikotoka ukasema tena "endelea." Mwenyekiti, kwenye kigoda cha mwenye kazi, akacheka, naye akasema "endelea." Nyote mkacheka. Nimesimuliwa hata kicheko kilivyokuwa.

Na haraka ilitoka wapi? Nilikupa siku saba. Nilikwambia, ndani ya siku saba za kuchelewa jipange mwenyewe, sitaki kusumbuliwa, wewe ni mtu mzima. Ya nane ni yangu, unakuja hapa kitandani unaniambia. Ulikuwa umechelewa siku kumi na saba. Ulikuja hapa kila jioni, ukanikanda miguu, ukaniambia kazi inakwenda vizuri. Ningekasirika, ndiyo, ningekutukana, halafu tungetafuta njia pamoja. Badala yake ukamkuta muuza milango ana milango tisa ya ofisi tayari dukani, ukaona umeokoka.

Binti yangu, usiangalie sakafu, sakafu haijafanya kosa. Wewe ndiye mwandishi wa vikao. Umeandika kwa mwandiko wako mzuri, "Mtumiaji amekubali." Mkono huo nilikushika mimi kukufundisha kuandika. Najua kwa nini. Tangu mna meno ya utoto unamfichia kaka yako. Alipovunja kioo cha jirani ulisema ni upepo, siku ambayo hata jani halikutikisika. Ni huruma, najua. Lakini huruma yako imeishia kwa kaka yako, haikufika kwa yule anayebebwa kwapani.

Na wewe, kitindamimba wangu, seremala, mkono hodari kuliko mikono yote niliyofundisha. Umefunga fremu tisa. Usiniambie hukupima. Wewe ukienda ugenini unapima hata mlango wa choo. Ulipima ya kwanza, ukajua, ukafunga ya pili. Nimeulizia, nikaambiwa ulisema, "Mimi ni seremala tu." Nani amekufundisha hilo neno "tu"? Mwenye futi mkononi akinyamaza, tutamsikiliza nani?

Mkwe wangu, inua kichwa changu kidogo. Ahsante. Mpe mtoto ziwa, usione haya, analia kwa haki yake.

Sasa niwaambie nisilowahi kuwaambia, maana mkidhani nawatukana kutoka mahali pasafi mtakuwa mmedanganyika. Tulipohamia nyumba hii nilimjengea mama yenu jiko. Nilitaka liwe la kumshtua, kwa hiyo sikumwuliza kitu. Nikapanga rafu kwa urefu wangu mimi. Alipoingia akapiga kigelegele, akanishukuru mbele ya wageni. Kesho yake akatafuta kreti la soda, akaligeuza, akawa anapandia hilo. Miaka kumi na mmoja, wanangu, mama yenu alipika juu ya kreti, mjamzito juu ya kreti, na hilo kreti mnalikumbuka, mlidhani ni fanicha. Siku moja fundi bomba aliyekuja kuziba maji akauliza, "Shemeji, hili kreti la nini?" Mama yenu akanitazama haraka, akamjibu kwamba ni la watoto kuchezea. Hapo ndipo nikaliona. Alinisitiri mbele ya fundi bomba!

Jioni ile ile nikazishusha rafu. Nikanunua daftari, ukurasa wa kwanza nikaandika: "Sikumwuliza atakayelitumia." Vigoda vilikuja baada ya hapo. Kwa hiyo vigoda hivyo si mbwembwe za mzee. Vimetoka kwenye miguu ya mama yenu. Na mkunga alipocheka juzi, nilimwona mama yenu juu ya kreti, na hasira iliyonipata sijawahi kuwa nayo. Watu wema hawatapiga kelele. Mkingoja walalamike mtawabomoa huku wanawashukuru.

Basi nagawa. Karakana na uwanja wake ni wenu watatu, hakuna kuuza bila wote kukubali. Vyombo vyangu, pima maji, timazi na tindo, ni vya seremala, pamoja na kigoda cha mjenzi; na siku ukinyamaza tena umpe mwingine. Binti, daftari ni lako. Usiniandikie sifa. Ukurasa unaofuata uandike haya ya milango tisa, majina yenu yote matatu na langu la nne, kwa kuwa niliwaachia kazi nisiende kuitazama hata kwa kubebwa, na kabla ya kila kazi mpya ulisome lote kwa sauti mbele ya mafundi. Kumwuliza mwenye kazi "kwa nini" kila hatua, hiyo nayo ni yako.

Injinia, wewe sikupi kigoda. Usilie, sijamaliza. Mwaka mzima kazi yako ni moja: kumwendea atakayeitumia kazi, kumngoja mlangoni mpaka amalize shughuli zake, hata akichelewa, na kumleta mwenyewe kwa gari akae pake. Ukishajua kungoja, ndugu zako watakupa kigoda. Nimekupa iliyo ngumu kwa sababu wewe ndiye uliyenibeba.

Kesho hakuna makabidhiano. Saa mbili nendeni kwa mwenyekiti, wote watatu, mumwambie kwa midomo yenu, msitume ujumbe. Bomoeni fremu zote tisa, linta zirefushwe, kila mlango uwe na upana wa mita moja na sentimita ishirini. Halafu Injinia atalala kwenye kitanda cha kujifungulia, vishikio vimefunguliwa, na ninyi wawili mtamsukuma mlango hadi mlango, mkunga amekaa kwenye kigoda chake anatazama. Akisema endelea, binti yangu asaini kwa niaba yangu. Asiposema, rudini kwenye tindo, mbomoe tena.

Na mimi... mtakaponichimbia, nipimeni. Msikisie. Hapo mtumiaji ni mimi.

Pumzi... ngojeni. Sogeeni sasa. Kaeni, nimewasamehe miguu. Leteni mikono. Mungu awape macho ya kumwona aliye juu ya kreti kabla hajazoea. Awape ulimi wa kusema nimekosea wakati bado ni siku ya nane. Mkwe wangu, wewe akupe watu wa kukupimia maji kwa kidole, kama ulivyonipimia. Na huyu mdogo... alale.

Hatua hii imekwisha, naona. Vyombo chini. Binti, useme "endelea"... Umesema. Seremala... nimekusikia. Injinia, usinijibie wengine, jibu lako tu... Vizuri.

Bado mmoja. Zamu yake inaisha saa kumi. Kileteni kile kigoda chake, kile cha mguu uliotiwa kiraka, kiwekeni hapa ubavuni. Asikikalie mtu.

Mimi namngoja.