Ukingo wa Paa la Nkuhungu

Sogezeni viti, wanangu, mnikaribie, na wewe Noeli zima hiyo simu. Usiitazame mapajani kama mwanafunzi anayeibia mtihani, izime. Edina, mama, nirudishie dirisha la barabarani, maana pikipiki za Nkuhungu zinanimalizia pumzi ambayo mwenyewe sina. Nimewaita leo Ijumaa, saa tisa alasiri, kwa sababu jua likizama Sabato itakuwa imeingia, na Sabato ikiingia sizungumzi habari za mali wala za ujenzi, na Jumapili sidhani kama nitaiona. Hizo nyayo mnazozisikia juu ya vichwa vyetu ni za Sabrina, mjukuu wangu, binti wa Sostenes, anarukaruka huko kwenye zege. Nitazifikia. Nipeni kwanza maji.

Mimi ni Tadeo, mwana wa Filipo, mwana wa Ndahani, mzaliwa wa Kigwe. Jina hilo liandikeni hivyohivyo kaburini, wala msiandike Thadeus kama alivyoandika yule kijana wa wodini, nikamsahihisha mara mbili na mara mbili akacheka. Miaka thelathini na miwili nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, na kitu nilichojifunza ni kwamba mtu ukikosea jina lake umeshamhukumu nusu.

Mali yangu ni chache na haitawachosha. Shamba la mpunga la Bahi ni la Edina, kwa sababu ndiye pekee anayelijua tope lake; lakini Edina, mwakani ni mwaka wake wa saba, liache lipumzike, usilime hata jaruba moja, na miaka mingine yote pembe zake usizivune, waachie wajane na wageni kama mlivyoniona nikifanya. Ng'ombe tisa ni wa Noeli. Ukitaka kuchinja, mwanangu, mwite jirani yangu Masudi, Mrangi wa Kondoa, ambaye kwa miaka ishirini amenichinjia na kuimwaga damu yote chini bila kuniuliza swali la kejeli. Inaniuma kulisema hili mbele yenu, lakini Masudi, anayeswali msikitini, ameuelewa moyo wangu kuliko watoto niliowabatiza. Sanduku la mabati lenye Torati ya baba yangu ni lako wewe Sostenes, na nitakwambia kwa nini, ingawa najua ungependa ng'ombe.

Sasa nisikilizeni, na msinikatize, maana mmenikatiza miaka arobaini. Nimechoka nanyi. Baba hatakiwi kusema hivyo katika siku kama hii, lakini uongo nao umekatazwa. Kila mmoja wenu anajiita mwamini, na kila mmoja amezipekua amri za Mungu kama mwanamke anayepepeta uwele, akabakiza anachokipenda na kupeperusha kingine. Edina unaishika Sabato, lakini Jumapili mchana unaonekana penye kitimoto, na ukiulizwa unasema moyo ndio unaotazamwa. Sostenes hugusi nguruwe, kisha Jumamosi asubuhi unawapigia mafundi simu wakumwagie zege. Na wewe Noeli umezitupa zote kwa pamoja, angalau wewe huna unafiki. Mchagua nazi hupata koroma, wanangu. Aliyesema usiibe ndiye aliyesema usile damu, na ndiye aliyesema usimfunge ng'ombe kinywa anapopura nafaka. Ni kinywa kimoja. Ukimwambia katika neno hili nakusikia na katika neno lile umezeeka, basi hata lile unalolishika hujamtii yeye, umejitii wewe.

Noeli, sijasahau siku ile ulipopanda mimbarani, mwaka wa nne huu, ukahubiri habari ya wazee waliofungwa na minyororo ya sheria, na kanisa zima likageuka kunitazama mimi na fimbo yangu. Hukunitaja jina. Afadhali ungenitaja. Nilikaa kimya, ingawa Torati inaniambia nisimchukie ndugu moyoni mwangu bali nimkemee waziwazi, nami kemeo hilo nimelichelewesha hadi leo, hilo ni kosa langu na naliungama. Ulisema Yesu ameifuta. Yeye mwenyewe alisema hakuja kuifuta, na kwamba mbingu na nchi zitaondoka kwanza kabla hata alama moja ndogo ya maandishi haijaondoka. Nenda nje, mwanangu, uangalie kama vilima vya Dodoma vimeondoka. Ulisema mitume waliwafungulia watu wa mataifa. Waliwapa mambo manne ya kuanzia, kisha wakasema Musa anasomwa kila Sabato katika kila mji. Kwa nini waseme hivyo, kama wale watu hawakutakiwa kwenda kumsikia? Mtoto anaanza darasa la kwanza, lakini hatuandiki kwenye cheti kwamba amemaliza.

Wewe Sostenes ulipenda kunitania: Baba, na mwana-kondoo tutamchinjia wapi, hapo kwenye banda la kuku? Na wazinzi tuanze kuwapiga mawe mtaa gani? Ukacheka na wenzako wa ofisini. Nikujibu leo kikarani. Amri inayodai madhabahu inangoja madhabahu; kesi iliyoahirishwa si kesi iliyofutwa, faili lake linakaa kabatini na jina lake. Na amri inayodai hukumu ni ya waamuzi walioketi barazani, karani hahukumu mtu. Lakini ile inayodai mikono yako tu, tumbo lako, shamba lako na nyumba yako, hiyo inangoja nini? Sheria haifutiki kwa sababu watu wameichoka. Ingekuwa hivyo, wezi wa Kigwe wangeshafuta yote.

Nipeni maji tena. Mnisogezee na mto.

Ndiyo, nyumba. Sostenes, umejenga nyumba nzuri, na umenipa chumba ndani yake, na umeniogesha kwa mikono yako nilipokuwa siwezi kusimama. Amri ya kumheshimu baba umeishika, na thawabu yake ipo. Lakini juu yetu hapa umemwaga paa la zege, tambarare kama kiwanja, umeweka tangi la maji na kamba za nguo na ngazi ya kupandia, na pembeni pote ni wazi. Torati inasema mtu akijenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa lake, asije akaileta damu nyumbani mwake mtu akianguka. Nimekuomba miaka sita. Mwaka wa kwanza ulisema fedha. Mwaka wa pili ulisema utapandisha ghorofa, na ukuta huo utavunjwa, ni hasara. Tangu hapo umekuwa ukisema, Baba, hiyo ilikuwa ya Wayahudi, sisi tuko chini ya neema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, methali hiyo mnaijua, mliimbishwa shuleni; ila ikiwa imetoka kwa Musa mnaiona mzigo.

Nimewaambia siku zote kwamba dada yenu Antonia, yule mliyemkuta kwenye picha tu, alikufa kwa homa. Mama yenu Yasinta alikwenda kaburini na neno hilo kwa ajili yangu. Si kweli. Kaeni. Edina, kaa, usinishike mkono, nikishikwa mkono sitaweza kumaliza.

Babu yenu Filipo alijifunza kusoma ukubwani, na alipofika kwenye amri ile ya paa alitoka nje akaitazama tembe yake. Ninyi mmezoea mabati, hamuoni ajabu yake. Wazungu waliotuletea kitabu walikuwa na mapaa ya mgongo, hakuna mtu anayepanda, na amri ile waliipita kama haipo. Lakini paa letu Wagogo lilikuwa tambarare, udongo juu ya fito, tunaanika mtama juu yake, watoto wanashinda huko kufukuza ndege na kuku. Baba alisema: hii imeandikiwa sisi. Akajenga ukingo wa fito na udongo kuzunguka paa lote, ukimfikia mtu mzima magotini. Kigwe nzima ilimcheka, wakamwita Myahudi, na mwalimu wa kanisa akamwita pembeni kumwonya kwamba anarudi katika kivuli cha sheria ya kale. Aliitikia kwa adabu, na ukingo akauacha.

Mimi nilikuwa nimesoma hadi darasa la nane. Nilikuwa na viatu na kalamu ya wino. Nilipojenga tembe yangu mwaka 1966 baba alikuja kuitazama, akaniuliza, Tadeo, ukingo? Nikamjibu maneno yaleyale unayonijibu wewe, Sostenes, hata sauti ni ileile, na ndiyo maana sanduku la Torati ni lako. Nilisema, Baba, hiyo ilikuwa ya Wayahudi.

Juni ya mwaka 1968, siku ya Jumanne, mtama ulikuwa juu. Antonia alikuwa na miaka sita. Alikuwa na fimbo ndogo ya kufukuzia ndege, na mimi nilikuwa uani natengeneza kiti. Alikuwa ananiimbia. Alikuwa anarudi nyumanyuma huku ananitazama mimi, aone kama nafurahi, na mimi nilikuwa nafurahi. Tembe si ndefu, mnajua, hata mtu mzima akiruka haumii. Lakini chini kulikuwa na jiwe la kusagia la mama yenu.

Alikufa siku ya tatu.

Baba yangu alikuja kwa miguu. Nilingoja aniseme, nilitaka aniseme, nilitaka anipige. Tulipotoka kumzika alivua koti lake la kanisani, akachimba udongo, akamwaga maji, akaanza kukanyaga. Kisha akapanda juu ya paa langu akajenga ukingo, peke yake, siku mbili, mzee wa miaka sitini. Mimi nilikaa chini nikimtazama. Sikumpelekea hata fito moja. Mikono yangu ilikataa. Hiyo ndiyo sababu ya ukali wangu wote mnaoulalamikia.

Ndipo nilipoanza kuzishika zote. Msiseme nilishika kwa hofu kama mtu anayevaa hirizi. Nilifikiri sana juu ya jambo hili. Ukingo niliuelewa, kwa kuchelewa. Nguo ya sufu iliyochanganywa na kitani siielewi hadi leo. Wiki ile ya kuondoa chachu ndani, kwetu walaji wa ugali na mlenda haina hata tabu, ni kukosana na maandazi tu, lakini maana yake yote siijui. Nazishika kwa sababu yule aliyemwona Antonia juu ya paa miaka maelfu kabla hajazaliwa, ndiye aliyesema na hayo mengine. Alishapata haki ya kuaminiwa bila kunipa maelezo. Mimi niliyeijua herufi niliona amri ndogo, ya kizamani, ya watu wengine. Nitajuaje tena ipi ni ndogo? Ninyi mtajuaje?

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Sitaki majuto yako, Sostenes, yaitwe Sabrina.

Sikilizeni, bado anaruka. Yuko upande wa tangi. Sasa amekwenda upande wa ngazi.

Basi amri zangu ni hizi, na pumzi imebaki kidogo. Maiti yangu isilale katika nyumba hii ikiwa haina ukingo. Nipelekeni kwa Masudi, amekubali, nimekwisha kumwomba. Nizikwe siku hiyohiyo, jua lisizame nikiwa juu ya ardhi. Na zile tofali za saruji zilizo nyuma ya banda la kuku chini ya turubai, ulizodhani nimeziagiza kwa ajili ya kaburi langu ukaona aibu kuniuliza, si za kaburi. Kaburi langu ni udongo. Masudi ndiye aliyezileta kwa gari lake. Na fundi Fredy amekaa juu ya ndoo hapo nje tangu saa saba, mmempita wote watatu mkamsalimia, hakuna aliyemuuliza anangoja nini. Anakungoja wewe, Sostenes. Si yeye wa kuweka ya kwanza, ni wewe. Mimi sikupeleka hata fito.

Usiniambie kesho. Kesho ni Sabato. Usiniambie neema, hii ndiyo neema, kwamba mtoto bado yuko juu anaruka na sisi tuna saa tatu za jua. Jua likizama hujamaliza, acha hapohapo, hata kama mimi ndiyo nakata roho, ufunge mlango wa ngazi kwa kufuli, uendelee Jumapili. Nenda.

Amekwenda?

Edina, nenda naye ukamteremshe mtoto. Usimkaripie. Noeli, wewe baki. Vua saa, nishike huu mkono, sasa naweza kushikwa. Unalia nini? Ulihubiri vizuri siku ile, sauti yako ni ya babu yako. Isome Torati kwa sauti hiyo, kila Sabato, hata wakigeuka kukutazama wewe.

Nyayo zimekoma. Hiyo... hiyo ni koleo. Wanachanganya.

Mungu wa Filipo awabariki, Edina Tadeo, Sostenes Tadeo, Noeli Tadeo. Mbukwenyi, wanangu, salamu yetu ya Kigogo. Awape mvua kwa majira yake, na mkono wa... ngoja. Awape mkono wa kutii mapema. Mimi alinipa mkono wa kutii kwa kuchelewa. Awageuzie uso wake. Na Antonia Tadeo pia, mtajeni mnapotajana. Tulikuwa na watoto wanne.

Umesikia? Ameweka moja.

Noeli, toka umwambie, kimo kiwe cha kifua. Baba aliweka cha magoti, hakikutosha kwa mtoto anayeruka. Kifua cha mtu mzima. Na pande zote nne, mwambie, zote, asiache hata... asije akaona upande ule wa nyuma hakuna anayefika.

Nenda. Nakusikia hukohuko.

Ya pili hiyo.